Watoto wa Jemadari

3 Machi

Kwako Mdogo wangu,

Salamu zimeniishia, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye lililonifanya nikuandikie baada ya miaka miwili ya kunyamaza.

Jana nilimpeleka Jemadari kwa kinyozi wa mbwa akakatwe kucha. Kwenye meza ya kusubiria palikuwa na gazeti la matangazo. Ukurasa wa sita nikakukuta umevaa suti, upara unang'aa, umepakata mtoto wa mbwa kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Chini ya picha wameandika: "KIPILIPILI! Mbwa wa kisasa. Hamwagi manyoya, hanuki, haugui. Rangi tatu: maziwa, karameli na kahawa. Damu ya banda mashuhuri la marehemu baba yetu."

Kinyozi akachungulia begani kwangu. "Mama Mwenyekiti, huyu si ndugu yako?"

Nikamwambia tumefanana sura tu.

Baba alitumia miaka arobaini kuchagua mbwa wa kufanya kazi. Mbwa wa Baba alimtafuta mtoto aliyepotea kwenye matete siku mbili akampata. Wewe ukachukua jike wa ukoo huo ukampandisha kwa kijimbwa cha mapajani ambacho kazi yake duniani ni kukaa juu ya stuli kipigwe picha. Halafu unakiita kilichozaliwa "cha kisasa". Kwetu kinaitwa ajali.

Lakini nakuelewa. Miaka kumi na miwili uliuza makochi. Sasa unauza mbwa wa kulingana na makochi. Hujahama biashara, umebadilisha kitambaa tu.

Chama kitakaa tarehe 17 Mei. Nimeweka hoja kwamba uzuiwe kutumia jina la banda la Baba kwenye cheti, tangazo au hata kola. Kura ninazo. Nakuarifu kwa adabu, usije kusema ulishtukizwa.

Dada yako,
Mwenyekiti, Chama cha Wafugaji wa Mbwa wa Asili Safi


12 Machi

Shikamoo Mwenyekiti,

Nakuamkia kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa. Sababu nyingine nimetafuta, sijaipata.

Barua yako nimeisomea wateja wangu wawili waliokuwa sebuleni wanachagua rangi za watoto wanaokuja. Walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Huyo aliyeomba maji akaagiza wa karameli.

Sasa nisikilize, wewe uliyekuwa karani wa mahakama mpaka ukaanza kuwadai mbwa vyeti vya kuzaliwa. Hakuna mbwa aliyeshushwa na malaika akiwa na hati ya asili safi shingoni. Baba mwenyewe alitusimulia, tumekaa kwenye ngazi za nyuma, kwamba bibi wa ukoo wa mbwa wetu alikuwa mbwa wa mchinja nyama, na baba wa watoto wake hakuna aliyemjua. Ukoo wenu mtakatifu ulianzia nyuma ya bucha. Mlichofanya ninyi ni kufunga geti na kuwaozesha binamu kwa binamu mpaka mbwa wenu wanapumua kama birika. Nimewaona kwenye maonyesho yenu. Yule bingwa wa mwaka jana alibebwa kupanda ngazi tatu kuchukua kikombe.

Mimi nachanganya. Damu ngeni ikiingia, magonjwa yanatoka. Hilo hata mkulima wa mahindi analijua. Bibi Arusi, yule jike niliyemchukua tulipogawana mbwa wa Baba, amezaa na dume langu Profesa mara mbili, watoto wote wanarukaruka, na sasa ana mimba nyingine.

Na kwa kuwa unapenda vyeti, nijibu jambo moja. Jemadari ana miaka saba tu, na ndiye dume bora aliyewahi kutoka kwenye banda lile. Mbona tangu Baba afariki hajazaa hata mtoto mmoja?

Mdogo wako,
Muuza Makochi


20 Machi

Kwa muuzaji wa mbwa wa Kipilipili,
Nakala kwa Mwenyekiti wa Chama cha Wafugaji

Mimi ni fundi cherehani. Miaka miwili iliyopita nilinunua kwako mtoto wa mbwa, dume, rangi ya maziwa. Binti yangu ana pumu, na wewe uliniambia hawa hawamwagi manyoya. Tulimwita Pamba.

Manyoya anamwaga. Nayaokota kwenye vitambaa vya wateja kila asubuhi kwa utepe wa gundi. Sikukuandikia kwa hilo, kwa sababu binti yangu alikwisha kumpenda na tukaongeza dawa.

Nakuandikia kwa sababu Pamba haoni vizuri. Ilianza wakati wa jioni, jua likishuka hataki kuteremka vidaraja vya mlangoni. Nikadhani ni uoga. Sasa hata mchana anagonga miguu ya meza yangu ya kukatia. Nikisogeza kiti, anakigonga. Mpira ukisimama, hajui ulipo mpaka ubingirike.

Nataka kujua kama wazazi wake wana ugonjwa wa macho. Kwenye cheti uliandika "wazima, ukoo mashuhuri", na kuna muhuri wa banda ambalo Mwenyekiti ndiye mwenye nalo. Ndiyo maana nampa nakala.

Fundi Cherehani


24 Machi

Mteja wetu mpendwa,

Tunakushukuru sana kwa kutuandikia. Familia ya Kipilipili inajali kila mwanafamilia!

Tunapenda kukuhakikishia kuwa wazazi wote wawili ni wazima wa afya. Mara nyingi mbwa hugonga vitu kwa sababu nywele zimemfunika macho. Tafadhali mpeleke kwa kinyozi mwenye ujuzi. Pia chumba chenye samani nyingi humchanganya mbwa mwenye akili kali, na hawa wetu, kama ujuavyo, wana akili kupita kiasi.

Hata hivyo, kwa kuwa furaha yako ndiyo furaha yetu, tuko tayari kumchukua na kukupa mwingine. Mwezi huu Bibi Arusi amezaa watoto sita, na karameli mmoja bado hana mwenyewe.

Wako katika huduma,
Mkurugenzi


28 Machi

Mdogo wangu,

Leo salamu ninazo, tena nyingi.

Nakala ya barua ya mshonaji wako ilinikuta napata kifungua kinywa. Sijawahi kufurahia mkate mkavu namna ile. "Damu ngeni ikiingia, magonjwa yanatoka." Kumbe yanatoka kweli, yanatokea machoni.

Umechanganya vitu usivyovijua, kama mtu anayemimina dawa za chupa mbili akitumaini zitageuka sharubati. Na sasa mama wa watu anapanga viti vyake kwa kumwonea huruma mnyama uliyemuuza kwa rangi ya maziwa.

Nimemwandikia nimwalike kwenye mkutano wa tarehe 17. Atasimama mbele ya wanachama wote asome barua yake. Sitahitaji kusema neno. Nitakaa kwenye kiti changu, nikutazame.

Kuhusu Jemadari, amezeeka. Ana haki ya kupumzika. Usinifundishe kufuga.

Dada yako


9 Aprili

Kwa muuzaji,

Nywele zimekatwa. Bado haoni.

Umesema chumba changu kina samani nyingi. Kina cherehani mbili, meza moja na kiti cha mteja. Wewe ulinijia humo na nguo yako ikapunguzwa mikono, na hukugonga chochote.

Nimempeleka Pamba kwa daktari wa wanyama. Alimwangalia macho kwa taa ndogo, akatoa damu, akaipeleka kupimwa. Majibu yamerudi. Ngozi ya ndani kabisa ya jicho, ile inayopokea mwanga, inakufa polepole. Haina dawa. Kufikia mwisho wa mwaka atakuwa kipofu kabisa.

Nikamuuliza daktari, "Ni kwa sababu ya kuchanganywa?" Akasema hapana. Akasema huu ni ugonjwa wa kurithi. Mbwa anaweza kuubeba maisha yake yote asiugue. Lakini mbebaji akipandishwa na mbebaji mwenzake, baadhi ya watoto wanakuwa vipofu. "Mama yake anao na baba yake anao," akaniambia. "Kipimo kipo, ni tone la damu. Mfugaji yeyote angeweza kupima kabla."

Kwa hiyo nina maswali mawili. Pamba alizaliwa na wenzake sita. Wako wapi? Na hao watoto sita ulioniandikia, ambao mmoja ungenipa, umewapima?

Mwingine simtaki. Nikikuletea suruali niliyoichoma kwa pasi, nikakupa nyingine niliyoichoma vilevile, ungeniita fundi?

Fundi Cherehani


21 Aprili

Mwenyekiti,

Safari hii sikuamkii.

Mshonaji alinikera mpaka nikawapeleka Bibi Arusi na Profesa kwa daktari, niwe na karatasi ya kumnyamazisha. Matokeo nimeyapata leo. Wote wawili ni wabebaji. Profesa nilimnunua kwa watu nisiowajua, basi kosa hilo nalimeza. Lakini Bibi Arusi ni binti wa Jemadari na ametoka kwenye banda lako safi, lililofungwa geti.

Daktari ni yuleyule aliyekuwa akiwatibu mbwa wa Baba. Nilipomwambia Bibi Arusi ni mtoto wa nani, akashangaa.

"Kwani dada yako hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

Akaenda kwenye beseni akaanza kunawa mikono. Alinawa mikono safi dakika nzima. Nikamuuliza tena, akasema damu ya mbwa wa mtu mwingine si jambo lake la kuzungumza, na akaniomba nimwite mteja anayefuata.

Nilirudi nyumbani nikaketi ndani ya gari, bado nipo kwenye kiti cha dereva nakuandikia. Jemadari hajazeeka. Jemadari amehasiwa. Ulijua. Ulisimama uani siku ya kugawana mbwa, ukanitazama namchagua Bibi Arusi, na ulijua.

Kanusha, basi. Una lugha nzuri.

Mdogo wako


26 Aprili

Mdogo wangu,

Sikanushi.

Majibu ya damu ya Jemadari yalikuja Baba akiwa kwenye wiki zake za mwisho. Daktari alinikabidhi bahasha mlangoni. Niliisoma jikoni nimesimama, maji yanachemka. Jemadari ni mbebaji. Karibu nusu ya watoto wake wote wamebeba kutoka kwake. Baba akaita kutoka chumbani, "Daktari amesemaje?" Nikamjibu, "Amesema Jemadari ni mzima kama chuma." Akacheka kidogo akageukia ukutani. Ningemwambia nini mtu ambaye hata kijiko alikuwa hawezi kushika? Kwamba dume alilojivunia kuliko sisi wawili limebeba upofu?

Baada ya mazishi nikamhasi Jemadari kimyakimya. Nikajiambia imetosha, haitaendelea.

Kisha ukaja na gari la kuazima kuchukua mbwa wako. Nilikuambia uchague. Ungemchagua yule jike mwenye sikio lililopasuka, ambaye hakuwa mtoto wa Jemadari, leo ningekuwa mtu mwema. Ukamchagua Bibi Arusi kwa sababu ya rangi. Nilifungua mdomo nikuambie. Naapa nilifungua. Wakati huohuo ukasema, mbele ya majirani, kwamba miaka minane niliyomuuguza Baba nilikuwa nalinda urithi. Mimi, niliyembadilisha shuka mara tatu kwa siku wakati wewe unampigia simu sikukuu kwa sikukuu.

Nikafunga mdomo. Nikaenda kukuletea kamba mpya ya kumfungia.

Basi umelisikia. Lakini usijisafishe kwa mgongo wangu. Tone moja la damu lingekuambia yote, bila mimi. Hukupima kwa sababu ulikwisha kujihubiria kwamba mseto ni sabuni. Utepe wa kumfunga mtoto shingoni uliukumbuka. Damu hukuikumbuka.

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara tatu za mwanzo nilitaka kuja kuvunja geti. Ya nne nikawa mfanyabiashara.

Tazama hali ilivyo. Mshonaji akisimama tarehe 17, mimi nimekwisha. Nina watoto sita hapa wenye wiki sita, watano wamekwisha kuahidiwa watu. Lakini wa kwanza kuulizwa hatakuwa mimi. Watauliza mama wa Pamba katoka wapi. Wanachama wako nusu wana watoto wa Jemadari, wamewapandisha, wameuza, wamepata vikombe. Utawaambia nini? Kwamba uliwaacha miaka mitatu wapandishe gizani huku wewe umekaa kwenye kiti cha mbele na kengele ya mwenyekiti?

Kwa hiyo nakupa ninachowapa wateja wagumu: suluhu. Wewe ondoa hoja yako na umzuie mshonaji. Mimi nitaacha kutumia jina la banda, na ya Jemadari sitayataja kwa mtu yeyote. Siku ya mkutano nitakuja niketi mbele, watuone tumepatana. Watasema damu nzito.

Nakudharau kama zamani. Tusichanganye hilo na biashara.

Mdogo wako


4 Mei

Mdogo,

Nimekubali. Vaa tai.

Dada yako


4 Mei

Kwa Fundi Cherehani,

Bibi,

Rejea mwaliko wetu wa tarehe 28 Machi. Napenda kukuarifu kuwa hoja iliyokuhusu imeondolewa kwenye ajenda, baada ya pande zinazohusika kufikia maelewano. Hivyo hutalazimika kusumbuka kufika.

Chama kinamtakia mbwa wako afya njema.

Mwenyekiti


18 Mei

Mdogo wangu,

Kwa kuwa ulitoka kwa mlango wa nyuma mara tu ulipomwona mshonaji akiingia, na tai yako ukaiacha imening'inia kwenye kiti, sijui uliivua saa ngapi, acha nikusimulie ulichokikimbia.

Alikuja na binti yake na yule mbwa. Sikuwa nimemwona kabla. Ni mkubwa kuliko nilivyodhani, na ana kifua cha Jemadari, kilekile. Aliingia ameinua pua, anahesabu hatua, bega limegusa goti la yule mama. Kwenye kizingiti mama akasema "juu" kwa sauti ya chini, mbwa akainua mguu. Wanachama wakaanza kunong'ona. Mzee wetu mweka hazina akasema kwa sauti, "Tangu lini vipilipili vinaruhusiwa humu?" Wakacheka. Hata mimi nilianza kucheka, kwa mazoea tu.

Nikamwambia kuwa ajenda yake imeondolewa. Akajibu, "Sikuja kwa ajenda. Nina swali." Akageuka akawapa mgongo viongozi wote, akawauliza wanachama: "Nani hapa ana mtoto au mjukuu wa Jemadari?"

Unawajua watu wetu. Mikono ilipanda kabla hajamaliza. Wengine walisimama ili waonekane. Kulikuwa na fahari humo ndani, ungedhani amewauliza nani amesoma ng'ambo. Alihesabu kwa kidole, taratibu. Kumi na tisa.

"Haya. Nani amempima macho?"

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Mweka hazina akasema ukoo safi haupimwi.

Akawaeleza alichoambiwa na daktari, bila kupaza sauti, kama anavyomweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Kisha akanigeukia. "Mwenyekiti, na wewe hukupima?"

Hakujua. Nataka ulielewe hilo, kwa sababu najua utadhani mtu alimdokeza. Aliuliza tu, kama alivyowauliza wengine. Ningesema "hapana" na ingekwisha. Wangekasirika wiki mbili, wangemsahau.

Nilimtazama yule mbwa. Alikuwa ameelekeza uso kwenye sauti yangu, macho wazi, hayatazami kitu. Mkia unatikisika. Anamsikiliza mtu asiyemjua na anafurahi.

Nikasema, "Nilipima. Nimejua miaka mitatu."

Sitakusimulia kelele zilizofuata. Mweka hazina, ambaye nilimsimamia harusi ya mwanawe, alinitemea mate karibu na kiatu. Wa kiti cha nyuma akaniita muuaji. Niliweka kengele mezani nikashuka. Uenyekiti sina tena. Mshonaji hakunishangilia, hakunipa pole. Alisema "juu" kwa mbwa wake, wakavuka kizingiti, wakaondoka.

Nawe niliwatajia. Nilisema watoto sita wako wapi na mzazi wao ni nani. Tulikubaliana, najua. Nimevunja.

Wapime hao sita, ndugu yangu. Bado wapo mikononi mwako. Nakuomba, na unajua sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako


22 Mei

Dada,

Watoto hawapo. Niliwagawa jana kabla ya saa sita mchana, wote sita, hata yule karameli. Uliponitaja mbele ya watu ulinifanya niharakishe, kwa hiyo hilo nalo liweke kwenye dhamiri yako mpya, bado ina nafasi.

Unanichekesha. Miaka mitatu unakaa juu ya bahasha, halafu siku moja mbwa anakutikisia mkia na wewe unakuwa mtakatifu. Mimi angalau sikuwahi kujifanya. Watu wanakuja kwangu wanataka kitu laini, chenye rangi, cha kuwafurahisha watoto. Nawapa. Hakuna aliyewahi kuniuliza damu. Wanauliza kama kinalingana na zulia.

Jina la Kipilipili mmeliharibu, nimelifuta. Nimepata dume jipya, dogo, jeupe. Watoto wataitwa Wingu. Picha tumekwisha kupiga.

Usiniandikie tena.

Aliyekuwa mdogo wako


25 Mei

Kwa Fundi Cherehani,

Sitaandika "Bibi" kama nilivyoandika mara ya mwisho. Nilikuwa nakudharau nilipoliandika, na nadhani uliliona.

Pamoja na barua hii utapata nakala ya barua niliyomwandikia ndugu yangu tarehe 26 Aprili, ujue nilivyoficha, na daftari la mapandisho la banda letu. Kuanzia ukurasa wa thelathini ni Jemadari: tarehe, jike, idadi ya watoto, mtu aliyewachukua na mtaa wake. Wengi kati ya wale kumi na tisa wamo, na wengine ambao si wanachama. Wenzake Pamba siwezi kukupa. Ni ndugu yangu ndiye anayejua waliko, na ndugu yangu ameniambia nisimwandikie. Wale sita wa juzi amewagawa siku nne baada ya mkutano. Nimekwenda nyumbani kwake. Nilikuta ameweka kufuli mpya. Jina la Kipilipili amelifuta, wajao atawaita Wingu.

Sikupendi. Nakueleza hivyo ili usidhani barua hii ni ya kukubembeleza. Ulinivua nguo mbele ya watu niliowaongoza miaka kumi na moja, na hukuwa hata na hasira. Ungekuwa na hasira ningekuchukia kwa raha. Nikikaa na kufikiri, hata hivyo, sikumbuki umesema neno moja ambalo si kweli.

Nimewapima mbwa wangu wote waliobaki. Watatu ni wabebaji. Nimewahasi, na majibu nimeyabandika getini, upande wa barabarani. Wapita njia wanasimama wanasoma. Jirani mmoja ameniuliza kama nimechanganyikiwa.

Nina ombi moja. Ningependa kuja kumwona Pamba. Sina la kumfanyia. Ningependa tu kumwona.

Aliyekuwa Mwenyekiti


30 Mei

Kwa aliyekuwa Mwenyekiti,

Daftari limefika. Mwandiko wako unasomeka, nashukuru kwa hilo.

Kuja kumwona Pamba, hapana. Pamba si kaburi, uje umwekee maua uondoke umepata nafuu. Ana maisha yake. Anajua njia kutoka mlango wa nyuma mpaka chini ya meza yangu, na binti yangu anamfundisha ngazi za kwa jirani. Akisikia cherehani imesimama anainuka, anajua ni wakati wa kutoka. Hana haja ya mtu wa kumlilia.

Umeandika kuwa hunipendi. Hapo tumelingana, kwa hiyo hatutapoteza muda. Mtu aliyemdanganya baba yake anayekufa, mimi ningemwelewa. Lakini ulivyomkabidhi ndugu yako kamba mpya na kumwacha aende, hapo sikuelewi, wala sitajaribu. Ndugu yako yeye simfikirii kabisa. Nimemwomba daktari abandike tangazo kwenye mlango wa kliniki, lenye picha ya gazetini na jina la Kipilipili na la Wingu. Wawili wamekwisha kuja na mbwa wao, mmoja ni wa karameli. Huyo haoni gizani.

Kwenye daftari lako nimehesabu watu thelathini na wanane. Tisa nimewapigia simu. Wanne walinikatia. Mmoja alisema nimetumwa na wenye wivu. Mwanamke mmoja alilia, akasema alidhani mbwa wake amekuwa mjinga, na amekuwa akimpiga kwa kumwaga maji. Wote wasiokata simu wananiuliza swali lilelile: "Wewe umejuaje?" Jibu la swali hilo si langu kulitoa.

Jumatatu nafunga duka saa sita mchana. Njoo uwaambie kwa sauti yako, ishirini na tisa waliobaki, mmoja baada ya mwingine, na wakikutukana usikate simu.

Simu ipo. Kiti kipo. Chai sitakupa.

Fundi Cherehani